Kanisa Lililohamia Nyumbani: Historia ya Jumuiya Ndogo na Funzo kwa Vijana Wanaoongoza



Tunapotembelea vikundi vyenu katika parokia, swali moja hutupokea karibu kila mahali: «Mwalimu, kwa nini kikundi chetu kimelala?» Nasi tukiuliza kilianza kulala lini, majibu hufanana. Kulikuwa na kiongozi mwenye bidii. Alijua nyimbo zote, aliongoza sala, alitunza daftari na sanduku la michango. Kisha akaenda kusoma katika mji mwingine, au akaoa, au akapata kazi isiyompa nafasi siku ya Jumapili. Alipoondoka, kikundi kikaondoka pamoja naye.

Tungeweza kuwajibu kwa mashauri matatu au manne na kwenda zetu. Tumeona vema zaidi kuwasimulia historia, kwa sababu swali lenu si geni. Kanisa letu la Kongo limejiuliza swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 60, tangu lilipochagua kujengwa juu ya jumuiya ndogo. Sisi wa Katanga tumezoea kuziita jumuiya; ndugu zetu wa Bukavu husema shirika; kwa Kifaransa zinaitwa CEVB, yaani jumuiya hai za msingi za Kanisa. Majina ni mengi, lakini jambo ni moja: wakristu wachache, majirani, wanaojuana kwa majina, wanaokutana nyumbani kusikiliza Neno la Mungu na kusaidiana.

Jambo hilo lina mizizi katika Maandiko Matakatifu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, anawapelekea salamu za Akila na Prisila pamoja na kanisa lililokutana nyumbani mwao. Wakristu walikuwa wakikusanyika chini ya paa la mtu na mkewe muda mrefu kabla hawajajenga makanisa makubwa ya mawe.

Jamaa wa Kolwezi

Hapa kwetu Katanga, historia hiyo haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933. Wasomi wanamjua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka mwaka 1945. Wazee wa Kolwezi walimjua kwa jambo lingine. Katika miaka ya 1950 alianza kuketi pamoja na wafanyakazi wa migodi ya Union Minière na wake zao. Watu hao walikuwa wametoka pande nyingi za Katanga na Kasai, wakiishi katika kambi za kampuni, mbali na wazee wao na makaburi ya mababu zao. Kiswahili ndicho kilichowapa lugha moja ya kuzungumza.

Padri huyo alikuwa amefundisha miaka mingi kama mtu ajuaye kwa watu wasiojua. Sasa akageuka kuwa mwenye kuuliza na kusikiliza: mnatamani nini katika maisha? Katika mazungumzo hayo yalitokea maneno matatu ambayo yamebaki hadi leo: uzima, uzazi, mapendo. Hakuyaleta kutoka Ulaya. Aliyapokea kwa watu waliokuwa mbele yake, akayaona yanatimizwa katika Kristu. Ndivyo ilivyozaliwa Jamaa. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitwa baba na mama. Walikutana, wakapeana mafundisho, na wale waliotangulia wakawalea polepole wale waliofuata, hatua kwa hatua, kama wazazi wanavyolea watoto.

Lakini historia ya kweli haifichi upande wa pili. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962 wala hakurejea tena. Alifariki huko mwaka 1977. Baada ya kuondoka kwake, mahali pengine Jamaa iliendelea vizuri ndani ya parokia. Mahali pengine mafundisho yakawa siri. Waliopita hatua zote wakajiona juu ya wakristu wenzao, na vikundi vingine vikaacha kusikiliza mapadri na maaskofu. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga na Kasai walilazimika kuchukua hatua kali. Wengine walitii wakabaki, wengine walijitenga.

Tunawaomba mshike mambo mawili hapo. Kikundi kilizaliwa siku kiongozi alipoanza kusikiliza. Kikundi kiliharibika siku waliotangulia walipofanya ujuzi wao kuwa mali yao.

Chaguo la mwaka 1961

Uhuru wa nchi yetu ulikuja tarehe 30 Juni 1960, pamoja na machafuko mnayoyajua. Mwaka uliofuata, 1961, maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Waliona kwamba Kanisa lilikuwa limejengwa kuzunguka misioni: kanisa, shule, zahanati, karakana na nyumba ya mapadri. Mkristu alikwenda misioni kupokea, kama mtu anavyokwenda kisimani na ndoo yake, kisha akarudi kwake. Tena mapadri wengi walikuwa wageni. Je, kama wangeondoka, nini kingebaki?

Maaskofu wakachagua njia ya jumuiya za kikristo zilizo hai, ambamo walei wenyewe wana wajibu. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikuwa haujafunguliwa; ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki, kupitia mikutano ya maaskofu wao ya mwaka 1973 na 1976, walichagua njia kama hiyo baadaye, nao wameiendeleza kwa juhudi kubwa. Hatusemi hayo kwa kujivuna. Tunasema ili mjue kwamba jumuiya ndogo si kitu cha kuazima kwetu, ni urithi.

Mwanzoni chaguo hilo lilibaki kwa sehemu kubwa katika karatasi. Ilihitaji mateso kulishusha mitaani.

Miaka ya kujaribiwa

Jaribu la kwanza lilikuja upesi. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, mapadri, mabruda na masista wengi waliuawa. Mmoja wao ni mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba mwaka huo. Misioni nyingi zilibaki bila padri, na mahali pengi makatekista na akina mama ndio waliokusanya watu kusali siku ya Bwana.

Jaribu la pili halikuja kwa bunduki. Lilikuja kwa sheria. Mwanzoni mwa mwaka 1972, katika siasa ya kurudi kwenye asili, serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristo. Kardinali Joseph Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipambana na serikali hiyo, akanyang'anywa makao yake na kulazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Vyama vya vijana vya kidini vilikatazwa, ili kijana awe na chama kimoja tu, kile cha vijana wa MPR. Magazeti ya kikristo yalifungwa mwaka 1973. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, somo la dini likatolewa shuleni, na mwisho wa mwaka huo shule za Kanisa zikachukuliwa na serikali. Zilirudishwa kwa mapatano ya mwaka 1977.

Tafakarini ni vitu gani vilivyoweza kukatazwa: ofisi, gazeti, beji, bendera, saa ya dini darasani. Vyote hivyo vina mlango, na mlango hufungwa kwa kufuli. Lakini serikali haikuweza kuweka kufuli katika kila ua ambamo majirani watano waliketi kusali rozari. Kanisa lilihamia nyumbani, na lile chaguo la 1961 likapata mwili.

Hata vijana walipata njia. Katika miaka hiyo ya 1970 Mgr Ignace Matondo kwa Nzambi, aliyekuwa askofu wa Basankusu tangu mwaka 1974, alianzisha Bilenge ya Mwinda, maana yake vijana wa mwanga. Hakukifanya kuwa chama cha gwaride. Alikifanya kuwa njia ya malezi, ambayo kijana huipita kwa hatua, akisindikizwa na waliomtangulia, kama desturi za mababu zetu za kumwingiza kijana katika utu uzima. Wengi wenu mmo humo leo. Mjue kwamba kilizaliwa katika kizazi kilichokatazwa kukusanyika kwa jina la Kristu.

Ua wa mama jirani

Sisi tunaoandika ni wa rika hilo. Tulianza shule mwaka 1975, na katika ratiba ya darasa letu somo la dini halikuwemo. Sala na amri za Mungu tulizijifunza katika ua wa mama mmoja jirani, chini ya mwembe, baada ya masomo ya mchana.

Mama huyo hakusoma sana. Tungedhani hilo lilikuwa upungufu, kumbe ndilo lililotufaidi. Kwa kuwa hakuweza kusoma Injili kwa wepesi, alimpa mmoja wetu aisome. Mwingine alitakiwa kuisimulia tena bila kuangalia kitabu. Mwingine alifagia ua kabla hatujafika, mwingine alileta benchi, mwingine alikwenda kumtafuta aliyekosa kuja juma lililopita. Mama aliuliza swali moja tu: «Basi, Yesu anataka tufanye nini kesho?» Kisha alinyamaza, hata kimya kikatuchosha, mpaka mtoto fulani akafungua kinywa.

Mwaka mmoja aliugua miezi mitatu, akawa hatoki nyumbani. Katekesi haikusimama hata juma moja. Aliyezoea kufagia alifagia, aliyezoea kusoma alisoma, na msichana mkubwa kati yetu aliuliza lile swali. Tulikuwa wadogo, hatukuona ajabu yake. Tumeiona baadaye, tulipofanya kinyume chake.

Walei walioaminiwa

Kabla ya kufika huko, tuseme neno juu ya hatua moja ya ujasiri. Mwaka 1975 Kardinali Malula, aliyekuwa amerudi kwa watu wake, aliwakabidhi walei uongozi wa parokia huko Kinshasa. Kila mmoja aliitwa mokambi, maana yake kwa Kilingala mwenye kuongoza; wakiwa wengi ni bakambi. Walikuwa watu wenye ndoa na kazi zao za kila siku, waliopewa malezi kwanza, kisha wakatumwa na askofu mbele ya waamini wote. Padri alibaki kuwa mhudumu wa sakramenti na msindikizaji wao.

Angalieni mpango huo ulivyosimama. Mokambi hakujiweka mwenyewe, alitumwa. Hakutumwa mikono mitupu, alilelewa. Wala hakuachwa peke yake, alisindikizwa. Kiongozi wa kikundi cha vijana kumi anahitaji mambo hayo matatu kama anavyoyahitaji kiongozi wa parokia ya watu maelfu.

Kanisa lote limekubali njia hiyo. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1975 juu ya uinjilishaji, alizipokea jumuiya ndogo kwa furaha, akaonya zisijitenge na Kanisa wala zisijidhani kuwa peke yake ndizo Kanisa. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ililiita Kanisa letu Familia ya Mungu. Mwaka uliofuata, katika Ecclesia in Africa, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba jumuiya hizo ni mahali pa kusali, pa kusikiliza Neno, pa waamini kujifunza wajibu, na pa kutazama matatizo ya watu katika mwanga wa Injili.

Kosa letu wenyewe

Sasa tuungame. Tulipomaliza masomo ya ualimu, tulikabidhiwa kikundi cha vijana katika mtaa mmoja wa Lubumbashi. Tulikuwa tumefundishwa kuandaa somo, kusimama mbele ya ubao, kuuliza na kusahihisha. Basi tukakifanya kikundi kuwa darasa. Tuliandika programu ya mwaka mzima peke yetu. Mtu akisali kwa maneno yasiyopangika, tulimsahihisha. Akitoa fikira juu ya Injili, tuliongeza maelezo marefu mpaka fikira yake ikasahaulika. Vijana walikuja wengi, paroko akatusifu, nasi tukaamini kwamba kazi ni nzuri.

Kisha tukatumwa kufundisha mbali na mji kwa miaka miwili. Tuliporudi, kikundi hakikuwepo tena. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na deni, hapakuwa na amri ya mtu yeyote. Tulimkuta msichana mmoja wa kikundi kile akiuza vitumbua barabarani, tukamuuliza kilichotokea. Alijibu kwa heshima: «Mwalimu, tulikuwa tunakungoja.»

Neno hilo lilituuma kuliko lawama. Amri za mwaka 1972 hazikuweza kuua sala katika ua wa mama asiyesoma sana. Bidii yetu iliua kikundi cha watu arobaini wakati wa amani. Baadaye msichana huyo alikianza upya pamoja na wenzake watatu. Walitualika, lakini kwa sharti: «Karibu, Mwalimu, ila tafadhali usikae mbele.» Tulikaa kwenye benchi la nyuma. Kikundi hicho kimekwisha kubadilisha viongozi mara nyingi tangu siku ile, na bado kinakutana.

Kazi ya kiongozi, na kazi ya wanaomsindikiza

Kutokana na historia hiyo tunapata jibu la swali lenu. Kikundi hulala kiongozi anapokibeba peke yake. Musa alitaka kuamua mashauri ya watu wote tangu asubuhi hata jioni, na mkwewe Yetro akamwambia kwamba atajichosha yeye na watu wake. Achague wengine wamsaidie. Mitume nao, katika sura ya sita ya Matendo, waliposikia manung'uniko juu ya mgawo wa wajane, waliomba jumuiya ichague watu saba. Hawakuona aibu kugawa kazi.

Wewe unayeongoza, anza na mambo madogo. Kila mkutano uwe na msomaji, mwimbishaji, mwenye kuandaa mahali na mwenye kumtembelea aliyekosa, nao wabadilike kila mwezi. Mnapotumia njia ya hatua saba ya kusoma Injili, iliyotoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, msiruke hatua ya kimya. Mwenye aibu hupata neno lake wakati wa kimya. Mwenye maneno mengi hujifunza hapo kwamba Roho Mtakatifu husema pia kwa wengine. Usiwe wa kwanza kueleza. Usimsahihishe mtu anaposali.

Fedha za kikundi, hata zikiwa franka chache, zishikwe na watu wawili, na hesabu isomwe mbele ya wote. Vikundi vingi tulivyoviona vikivunjika havikuvunjwa na wizi, vilivunjwa na shaka. Muda wa uongozi uwe na mwisho unaojulikana, na tangu siku ya kwanza uwe na mtu unayemlea achukue nafasi yako. Tena usikate kamba inayowafunga na parokia. Kumbukeni waliojitenga katika Jamaa: walianza na mapendo ya kweli, wakaishia katika siri. Kikundi chenye jambo ambalo paroko haruhusiwi kulisikia kimekwisha kupotea njia.

Nanyi mnaosindikiza viongozi vijana, mapadri, makatekista na wazazi, tunawasihi kwa unyenyekevu. Mara nyingi tunamchagua kijana Jumapili, tunampigia makofi, kisha hatumwoni tena mpaka anapokosea. Tuwakusanye viongozi wote angalau mara moja kwa mwezi, wasimuliane shida zao na kusali pamoja. Tuwatembelee kwenye mikutano yao, na tukifika tukae nyuma. Mtume Petro aliwaagiza wachungaji wasitawale kwa nguvu walio chini yao, bali wawe kielelezo kwa kundi. Agizo hilo linatuhusu na sisi wenye mvi.

Yule mama wa mwembe amekwisha kuitwa na Bwana. Hatukumsikia hata mara moja akijiita kiongozi. Ua wake umejengwa nyumba nyingine, na mwembe umekatwa. Lakini kati ya watoto waliofagia pale, mmoja ni padri, wawili ni makatekista, wengi ni baba na mama wanaosali na watoto wao jioni. Alipougua, hatukumngoja. Tuliendelea.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Kama kiongozi wetu angeondoka juma hili, ni kazi gani ambayo hakuna mwingine anayejua kuifanya? Tutaanza lini kujifunza?

2. Katika mikutano yetu mitatu iliyopita, ni nani hakusema neno lolote? Tulimpa nafasi?

3. Je, kuna jambo katika kikundi chetu ambalo hatupendi parokia ilijue? Kwa nini?

4. Ni nani katika mtaa wetu aliyetulea katika imani bila kuwa na cheo? Tumtembelee kabla ya mkutano ujao, na kama amekwisha kufariki, tumwombee kwa jina.